Mrututu Bwawani kwa Kashinje

Bwawa la Kashinje hapa Ndalambo lilikuwa kijani, jamani, kijani mpaka bata mweupe akiingia anatoka kasuku. Mnacheka? Huyo bata nilimwona mimi.

Kashinje alilichimba kwa jembe lake, akapanda perege. Mumewe Bugalama hakupenda, maana ng'ombe wake hutembea mbali kutafuta maji. "Haya, chezea samaki wako," alimwambia. "Wakifa, bwawa la ng'ombe."

Sasa Loisi, dada wa Bugalama, kila akipita anaziba pua. "Wifi, hili bwawa au mlenda?"

Aibu ikamla Kashinje. Akakumbuka maji ya kuoshea kwato za ng'ombe, yale yenye mrututu, dawa ya buluu: hayaoti ukijani hata siku moja. Akachukua kopo la mumewe, akamwaga mrututu wote bwawani.

Maji yakatakata, ungeweza kujitazama ukasuka nywele. Loisi mwenyewe akasifu. Lakini hazikupita siku nyingi, perege wakaja juu wanatweta kama wazee waliopanda milima ya Ileje.

Mimi jirani yao nikamwita Jenista, afisa uvuvi. Akanusa kopo, akashika kichwa.

"Mama, kile kijani ni mimea midogo mno, kila mmoja chembe moja tu. Chembe ina ngozi, na ngozi ina vijilango vinavyopitisha chumvi na hewa kwa kipimo. Ndani ya ngozi hiyo ndimo inamopika chakula kwa jua, ikitoa hewa wanayovuta samaki. Mrututu umeharibu ngozi. Vya ndani vimevuja, jiko limezimika, jua linawaka bure."

"Kumbe nimewanyima pumzi?"

"Ndiyo. Na mnyama yeyote asiyanywe maji haya."

Jenista akaenda kutafuta pampu. Sisi tukabaki tunarusha maji kwa ndoo ili yashike hewa. Ndipo Bugalama akatokea na ng'ombe wenye kiu, akaona matumbo meupe yanaelea.

"Si nilisema? Pisha ng'ombe wanywe!"

Mimi kimoyomoyo nikasema: nyamaza, Kashinje, wanywe, akukome. Lakini yeye akatanua kanga mbele ya pembe.

"Baba Ezron, wasinywe! Ni sumu. Nimetia mrututu wako. Mimi mwenyewe."

Bugalama akatazama kopo tupu, akatazama ng'ombe wanaosukumana. Hakumpiga, hakumtukana, afadhali angetukana.

"Likisafika ni la ng'ombe," akasema, akawageuza kuelekea mtoni.

Kashinje aliinama na ndoo yake, akaendelea kuwarushia maji perege wachache waliokuwa bado wanafungua midomo.