Feni ya Kipupwe

Mama alinipigia simu kuniambia kwamba mota ya mashine yetu ya kusaga, kule Kasense, inachemka hadi inanuka. Nilifika na mkoba wangu wa ufundi na hasira zangu, maana mota ilikuwa bado mpya na lazima kulikuwa na mtu aliyeichezea.

Nikavua mkanda wa mota, nikazungusha shafti kwa mkono. Beringi nzima. Nikapangusa unga kwenye matundu ya hewa, nikapima umeme, kila kitu sawa. Tukawasha, na kwenye debe la pili la mahindi kiganja hakikukalika juu ya mota. Ndipo nikatazama kile kisanduku cha ukutani kinachoongeza na kupunguza mwendo. Mwendo ulikuwa umeshushwa karibu nusu.

"Nani kagusa hapa?" nikafoka. "Mota inajipoza kwa feni yake yenyewe, iko hapa mkiani! Ikizunguka polepole feni nayo haipulizi, na mzigo ni uleule. Itaungua, mama!"

Mama alinyoosha kidole kwenye ukuta wa nyuma. Upande wa pili alilala baba, na saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Kelele zikimzidi aligonga ukuta kwa fimbo, mama akapunguza mwendo. Akigonga tena, akapunguza tena. Kuifunga mashine hakuweza, tulikuwa tunaitegemea.

Hasira ziliniisha palepale, nikasikia uchungu mtupu. Nilikwenda mjini kutafuta feni ya mezani. Watu walikuwa wamejifunga mablanketi, na mwenye duka alicheka mpaka akaegemea kaunta.

"Dada, feni na baridi hii?"

Nikailipia, nikarudi nayo Kasense. Niliifunga nyuma ya mota, na tangu siku hiyo mashine ikasaga polepole bila kuchemka. Wateja walinung'unikia foleni. Mama akawaambia wasubiri au waende kwingine, na baba akapata usingizi.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Baada ya kuanua tanga, mama aliniomba nirudishe mwendo. Nikazungusha kitufe cha kile kisanduku hadi mwisho. Mabati yakatetemeka, unga ukajaa hewani, mota ikanguruma kwa nguvu zake zote. Sote wawili tukageuka kuutazama ukuta, na mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitufe, tayari kupunguza.