Uji wa Chande

Wifi yangu Lidwina ni nesi hapa Songea. Ukimkuta sokoni Msamala akichambua dagaa, huwezi kujua kuwa watu walikuwa wakimvizia mlangoni mwa wodi wamuulize, "Sista, mgonjwa wetu atapona?" Naye alijibu! Alikuwa na dalili yake aliyoiamini kuliko vipimo: homa ikishuka na mgonjwa akiomba uji, huyo amepona. Kwa malaria alipatia miaka nenda rudi, na sisi ndugu tukamvimbisha kichwa.

Ndipo akaletwa Chande, mchinja ng'ombe wa kijiji cha mbali cha Nakapanya, ambaye alizoea kung'oa kupe wa ng'ombe kwa mkono na kuwapasua kwa kucha. Alikuwa na homa kali na macho mekundu. Wakamtenga chumba cha peke yake, maana walishuku homa ya kupe, nayo huambukiza. Mkewe Halima aliruhusiwa kusimama dirishani tu. Alikuwa amemwacha mtoto anayenyonya kwa jirani kule kijijini, maziwa yanamlowesha kanga. Alitaka kujua jambo moja: amfuate mwanawe, au mumewe atakufa nyuma yake? Kwao Waislamu, anayekata roho hutamkiwa shahada naye aifuate, na Chande hakuwa na mwingine hapa mjini.

Daktari alisema wasubiri majibu ya damu, kwani homa hii hudanganya: hushuka, kisha ndipo mtu huanza kuvuja damu. Asubuhi Chande akaamka hana homa, akaomba uji. Wifi na kiherehere chake hakusubiri chochote. Akamwambia Halima apande basi, mumewe ameshapona.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wa wifi uliponza cha mwenzake. Majibu yalipotoka, damu ilikuwa imepoteza nguvu ya kuganda na ini limeharibika. Halima yuko njiani, simu haipatikani. Jioni Chande akaanza kutoka damu puani, akawa anamuulizia mkewe. Lidwina akavaa manguo yote ya kujikinga, akamshika mkono. Hakujua la kumsomea, akamsomea Baba Yetu mpaka akakata roho.

Halima aliporudi na mtoto mgongoni, wifi hakujificha, na hapo nampa heshima yake. Alimweleza yote, hata kwamba aliambiwa asubiri. Halima akauliza mumewe alikufa akisikia maneno gani.

"Ya kwetu," Lidwina akasema. "Ya kwenu siyajui."

"Mimi nayajua," Halima akajibu. "Na wewe ndiye uliyenipandisha basi."

Wifi hajajisamehe. Siku hizi ukimuuliza kama mgonjwa wako atapona, anakuletea kigoda, anakwambia ukae karibu na huyo mgonjwa.

Juzi mwanangu aliugua malaria. Homa ikashuka, akaomba uji. Nikafurahi, nikamwita wifi aliyekuwa jikoni aje asikie. Hakuja; nikamfuata, nikamkuta ameshika mwiko, sufuria iko chini, analia.