Picha Inayoonekana Pembeni

Mchanganya rangi wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kutazama kitu kikawa cheupe tu au cheusi tu. Ukuta mweupe kwake ulikuwa mweupe wa chaki, au mweupe wa maziwa, au mweupe uliokosewa. Wateja walimpenda kwa hilo. Walikuja na kipande cha plasta kilichobanduka, akakitazama kidogo, akatia tone la manjano na chembe ya nyeusi kwenye ndoo, akakoroga, na ufa wao ukazibwa bila jirani kujua ulikuwepo. Nyumbani hakuna aliyempenda kwa hilo. Mkewe aliwahi kununua mapazia ya kijani, akaambiwa hicho si kijani, na tangu siku hiyo hakumwonyesha kitu kabla hajakitundika.

Sasa mke huyu alikuwa ameanza tabia mpya. Kila jioni vyombo vikishaoshwa, anajitanda mtandio, anasema, "Natoka kidogo," anavuka barabara kwenda kwa dada yake kutazama tamthilia. Hiyo "kidogo" yake ilikwisha tamthilia ilipokwisha. Mchanganya rangi akawa anabaki sebuleni peke yake na runinga. Watoto walishaoa na kuolewa. Mchezaji akikosa bao la wazi, hakuna wa kumgeukia na kulalamika naye. Alijaribu kumlalamikia mchezaji mwenyewe, lakini haikunoga. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke na roho ilimuuma, na kwa kuwa hakuzoea kuumwa roho, alidhani tatizo ni runinga.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Runinga ya shemeji ni mpya, yake ni ya zamani, na mke yuko kwa shemeji. Basi akinunua iliyo bora kuliko ya shemeji, mke atarudi. Ukiipitia haraka, hesabu hiyo haina kosa.

Duka la vyombo vya umeme lilikuwa ghorofani, juu ya benki. Runinga zilipangwa ukuta mzima, zote zikimwonyesha kasuku yule yule akiruka polepole. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimpokea kwa bashasha. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza.

"Hii ni LED," alieleza. "Nyuma kuna taa, mbele kuna kioo kinachoamua taa ipite au isipite. Hii QLED ni ndugu yake, ila imeongezewa tabaka la kukoleza rangi, na taa yake ni kali, inafaa sebule yenye jua. Ile kule ni OLED. Haina taa nyuma. Kila kitone kinajiwasha chenyewe na kujizima chenyewe."

"Kikijizima?"

"Kinakuwa cheusi, mzee wangu."

"Cheusi gani?"

Muuzaji alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. Mchanganya rangi akatoa mfukoni vipande vya kadi alivyovipaka mwenyewe kazini: nyeusi ya geti, nyeusi ya ubao wa darasani, nyeusi ya nondo za madirisha. Akavisogeza kimoja kimoja kwenye kioo cha LED, mahali ambapo kasuku hakuwepo.

"Hii mnaiita nyeusi?" akauliza. "Hiki ni kijivu kinachojikaza."

Akaomba taa za duka zizimwe. Mteja mmoja akadhani ni mkaguzi wa serikali, akarudisha mezani redio aliyokwisha kuilipia nusu, akashuka ngazi.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. OLED ilimshinda kwa weusi. Alipoweka kadi yake juu yake, kadi ndiyo iliyoonekana imechujuka, na hilo lilimfanya aiheshimu mno. Lakini kwa bei ile ile angepata QLED kubwa zaidi. Tena muuzaji, ambaye alikuwa mkweli kupita faida yake, alimwambia kwamba OLED ikionyesha picha moja isiyosogea kwa muda mrefu sana, siku za mbele inaweza kubaki na kivuli chake. Mchanganya rangi alikwenda nyumbani na kivuli hicho kichwani. Alirudi. Akauliza tena. Bashasha yote ilikuwa imemwisha yule mwanamke.

"Mlete mama," akasema. "Si na yeye atatazama?" Alisema hivyo kujiokoa tu.

Mama akaletwa. Mumewe akiwa bado anapanga kadi zake juu ya kaunta, yeye alimpita kasuku wa kwanza bila hata kusimama mbele yake. Akaenda mpaka mwisho, bega likakaribia kugusa ukuta, akaitazama LED kwa upande. Akaguna. Akahamia kwenye QLED, kwa upande vile vile. Akaguna tena. Kwenye OLED hakuguna.

"Mama," mume akamwita, "runinga inatazamwa kwa mbele."

"Wewe ndiye unayetazama kwa mbele."

"Kwani wewe unatazama wapi?"

"Mimi si nakaa kule kando ya mlango wa jikoni, baba? Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Hakuwahi kulifikiria. Akasogea, akasimama pale aliposimama mkewe, akaitazama LED. Wekundu wa kasuku ulikuwa umegeuka tofali lililomwagiwa maji ya chokaa. Mahali peusi palikuwa jivu.

"Na yetu iko hivi?"

"Yetu mbaya zaidi. Watu wakiingia kwenye giza, mimi nafuata sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu tuinunue."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikwambia picha imefifia, ukaniambia ni macho yangu. Ukanipeleka kwa daktari wa macho."

Mchanganya rangi alimkumbuka yule daktari. Alisema macho ni mazima, na yeye akamwona daktari hajui kazi.

"Kwa dada nakaa katikati," mke akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa. "Kule kila mtu ana uso."

Hapo ndipo mume alipoharibu. Uso ulimng'aa. "Basi tumepata!" akasema. "Tunachukua hii OLED. Ukiwa pale pale pako mlangoni, utaona kila kitu. Huna hata haja ya kusogea."

Muuzaji alivaa miwani yake, akaanza kusoma kwa makini karatasi ya bei ya pasi.

"Kwa hiyo nibaki pale pale," mke akasema.

"Ndiyo!" mume akajibu, na furaha yake ilikuwa ya kweli, maskini.

Mke akasema wanachelewa. Njiani hakugomba. Nyumbani alipika, akapakua, akaosha vyombo, akajitanda mtandio, akatoka. Safari hii hakusema kwamba anatoka kidogo. Mume aliingiwa na hofu ambayo hakuijua tangu siku za uchumba.

Alipobaki peke yake, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile: alikwenda kukaa kwenye kiti cha mkewe. Kilikuwa kiti cha mbao, hakina mikono, kiliwahi kutolewa mezani kwa muda, na muda wenyewe haukuisha. Kochi lilikuwa la watu watatu, ila miguu ya mume ilihesabiwa kuwa watu wawili. Akatazama taarifa ya habari. Msomaji alikuwa na uso wa plasta mbichi. Ramani ya hali ya hewa ilikuwa rangi moja, bahari na nchi kavu. Kulikuwa na daraja limekatika mahali fulani, akainama mbele kuona ni la wapi, mara sufuria ya maji ya kuoga ikaanza kurusha mfuniko jikoni. Akageuka kutafuta mtu wa kuinuka. Akainuka yeye. Aliporudi, daraja lilikuwa limeshapita. Hajakaa vizuri, jirani akabisha mlango wa jikoni, anarudisha ngazi, na ana maelezo marefu kuhusu ngazi. Aliporudi mara ya pili, taarifa ilikuwa imekwisha.

Aliona aibu, ile aibu yenyewe inayochoma masikio. Yeye, ambaye hakumsamehe mtu kivuli kimoja cha kijani, alikuwa amemkalisha mkewe kwenye jivu miaka yote hiyo, na kila alipocheka, mke alicheka naye, bila kuona kilichomchekesha.

Jioni iliyofuata mke alipotoka jikoni akifuta mikono, alimkuta mumewe ameshakaa kwenye kile kiti.

"Umekaa kwangu."

"Najua. Kaa kwenye kochi, katikati."

"Leo si kuna mpira?"

"Weka tamthilia yako. Huku chochote ni kijivu."

Mke akakaa, ukingoni kwanza, kama mgeni aliyekuja kudai kitu. Akabadilisha stesheni. Taratibu akarudi nyuma, akaegemea, na mwisho akapandisha miguu, ikachukua kochi lote. Runinga ilikuwa ile ile ya zamani. Kule dukani kasuku aliendelea kuruka, na muuzaji, tuseme ukweli, hakumkumbuka mtu.

Mlango wa jikoni ukabishwa.

"Baba," mke akasema bila kutoa macho kwenye kioo, "kuna mtu."

Mume akaenda. Alirudi, akaketi kwenye mbao yake, akakuta binti wa kwenye tamthilia analia. Hakujua kwa nini. Hata kama analia hakuwa na hakika. Alikisia kwa sauti.

"Amefanywa nini?" akauliza.

Mke akamgeukia. Alimkuta ameinama mbele, amekunja macho, shingo imepinda. Akamtazama hivyo kitambo, akaiacha tamthilia iendelee bila yeye.

"Njoo ukae hapa," akasema, akikunja miguu ili apate nafasi. "Huko huoni kitu."