Jibu la Mzee Pindo

Mzee Pindo alishonea watu nguo mpaka uzee ukamziba masikio, simu ikawa kwake kelele tupu. Ndiyo maana binti yake wa pekee, aliyefanya kazi ng'ambo, alimwachia kompyuta, apate kumsoma midomo. Kila Jumapili mzee huyo mgane alivaa shati la pasi, akaiwasha, akaandika neno la siri, na programu ya mazungumzo ikajifungua yenyewe. Yeye aliamini ni binti anayeifungua kutoka kule, kama mtu anayebisha hodi.

Jumapili moja binti alisema, "Baba, kuna mtu anataka kunioa. Nijibu wiki ijayo. Kama hutaki, usigombe. Usitokee tu, nitaelewa."

Zamani posa ililetwa na watu wenye miguu. Waliketi, wakatazamwa usoni, na aliyenyamaza aliulizwa ananyamazia nini.

Katikati ya wiki kompyuta ikawa nzito, mzee akaipeleka kwa fundi wa pale kona. "Nimeipunguzia mizigo, mzee wangu," fundi alijigamba. "Sasa inawaka kama kiberiti!"

Iliwaka kweli. Lakini Jumapili hakuna kilichofunguka. Mzee alikaa mbele ya kioo mpaka giza likaingia, "ndiyo" yake mdomoni. Jumapili iliyofuata, vilevile. Akajisemea, "Kanichoka. Siwezi kumlazimisha."

Siku fundi alipopita kumsalimia ndipo alipouliza, "Na yule binti yako wa ng'ambo hajambo?"

"Habishi hodi tena."

Fundi akacheka. "Mzee Pindo, hodi gani? Ile programu nimeizima isijiwashe. Unaibonyeza mwenyewe, hapa!"

Akabonyeza. Ikaita kwa muda mrefu, kisha uso wa binti ukatokea, macho yamevimba.

"Nilikupigia, Baba, hukutokea. Nikajua umekataa."

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa, mama. Nilikubali tangu siku ile."

Binti aliinama, mzee akaikosa midomo yake. Ilibidi fundi amsemee polepole, uso kwa uso, naye hakucheka tena: "Anasema ameshamkatalia. Yule mwanamume naye kahama mji."

Fundi alirudisha alama ya tiki inayoiruhusu programu kujiwasha. Haikumchukua hata dakika.

Jumapili iliyofuata programu ilijifungua yenyewe. Binti akatokea, wakazungumza habari za mvua.