Pale Sauti Inapokaa

Watu wakinisikia kwa mara ya kwanza pale soko la Busia hugeuka kumtafuta mwanamume aliyezungumza. Wakigundua ni mimi, mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, hucheka, nami hucheka nao kwa sababu nauza. Lakini sijawahi kuona kichekesho hapo. Sauti hii ya kukwaruza sikuzaliwa nayo. Koo langu liliharibiwa, na aliyeliharibu yuko hai, anakula vizuri, na kila Jumamosi alasiri anafundisha kwaya kanisani kwetu.

Binti yangu ana miaka kumi na minne na daftari moja lisiloguswa na mtu. Ndani yake ameandika waimbaji wote anaowasikiliza kwenye simu yangu, wa Nairobi na wa Kampala, wa injili na wa kidunia, na mbele ya kila mmoja aina ya sauti yake, kutoka ya juu hadi ya chini: soprano, alto, tenor au besi. Marafiki zake humpima mwimbaji kwa noti ya juu kabisa anayoifikia. Yeye hukataa katakata.

"Sauti ya mtu si pale inafika, ni pale inakaa," aliwaambia siku moja wakiwa wamejazana kwenye benchi langu sokoni. "Hata mimi naweza panda mti. Kwani naishi juu ya mti?"

Kuna mmoja ambaye hakumwandikia kitu. Ni yule msichana wa kuchorwa, mwenye nywele za rangi ya waridi, anayeimba kwa kompyuta na ana mashabiki wengi kuliko waimbaji wenye mapafu. "Huyu hapumui, mama," aliniambia. "Kuna mtu mahali alirekodiwa, wakavuta sauti yake vile wanataka. Siwezi jua huyo mtu alikuwa anakaa wapi." Na mimi pia aliniacha wazi. Aliandika "Mama", kisha alama ya kuuliza. Nilimwambia aache upuzi anisaidie kupepeta omena.

Sikumwambia kwamba mimi pia niliimba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, huko Amukura, na mwalimu wa kwaya alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alibandika karatasi za manila ukutani zenye do, re, mi, akawa anazigonga kwa fimbo. Sheria yake ya kugawa sauti ilikuwa moja tu: alikuwa anatutazama. Wasichana wembamba soprano, wanene alto. Hakuuliza mtu aimbe. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito, na sauti yangu ilikuwa chini, nzito na laini, na leo sioni haya kusema ilikuwa nzuri. Alinisimamisha mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto.

Nilipanda huko juu kwa miaka miwili. Koo likiuma, alisema ni uvivu. Likiuma zaidi, alisema nimeze yai bichi na kutafuna tangawizi, nami nikameza mayai ya watu mpaka kuku wa nyumbani wakanichukia. Asubuhi moja niliamka sina sauti kabisa. Iliporudi baada ya wiki kadhaa, ilirudi hii. Daktari alisema nyuzi za sauti zimeota vinundu na kuwa na kovu. Mwalimu hakuja kunijulia hali. Aliweka msichana mwingine mwembamba mahali pangu.

Alipohamia kanisa letu la Busia, mvi zimemjaa, nilimtambua kabla hajafika madhabahuni. Yeye hakunitambua. Nilinyamaza, na kwa hilo najikasirikia mpaka leo. Binti yangu alipoomba kuingia kwaya, nilikubali kwa sababu aliwekwa alto na alikuwa akirudi nyumbani akiwa na furaha. Nilijidanganya kwamba uzee umempa yule mtu akili.

Uzee ulimpa simu. Mwaka huu kwaya ilialikwa Malaba, kuimba mbele ya kwaya zitakazovuka kutoka Uganda, na soprano wake wanne walikuwa wameenda shule za bweni. Akaleta programu ya simu ambayo ukiiimbia inakwambia wewe ni sauti gani. Akaleta na spika, akawa anawachezea yule msichana wa kuchorwa. "Mnasikia? Hiyo ndiyo soprano. Nataka hivyo." Binti yangu alipoiimbia simu, ikaandika tenor. Kwaya nzima ilicheka, na mwalimu akacheka nayo. Alimwambia hakuna msichana tenor, kwamba amezoea uvivu wa chini, na dawa yake ni kuimba soprano mpaka azoee.

Haya yote niliyajua baada ya wiki tatu, binti yangu aliponiita jikoni nami nikageuka kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa inakwaruza. Na juu ya meza kulikuwa na ganda la yai bichi.

Nilishikwa na hasira. Nilimkataza kusema neno, hata kunong'ona, na kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari alisema nyuzi zimevimba lakini hazijaota kitu, anyamaze wiki mbili. Jumamosi nilifunga biashara saa sita, nikamshika mkono, tukaenda kanisani.

Mazoezi yalikuwa yameanza. Nilisimama katikati yao na aproni yangu ikinuka omena.

"Mwalimu," nikasema, "huyu ametoka soprano leo. Akipona atasimama na tenor."

"Mama, hii ni kazi ya kitaalamu," akajibu. "Simu ndio inapima."

"Kama inapima, mbona haukuifuata? Hebu iimbie wewe."

Hakutaka, lakini wanaume wa besi walianza kumhimiza. Akasafisha koo, akaimba. Sauti yake ni nyembamba, na uzee umeifanya nyembamba zaidi. Kijana aliyeishika simu alisoma kwa sauti: alto.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwalimu akairudisha simu mfukoni na kusema leo network iko chini. Mimi nauza omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na nawajua wafanyabiashara wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani ili mteja apate kidogo. Kopo likibonyezwa, kosa si la omena. Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Nilimwambia pia kwamba yeye, hata akiitwa alto, hatahamia upande wa akina mama, ila mtoto wangu alitakiwa kung'oa koo lake.

Tenor mmoja alisogea, akaacha nafasi kwenye mstari. Mwalimu aliiona nafasi ile, akakubali kwa shingo upande. Nilikuwa nimegeuka kuondoka aliposema, kwa upole kabisa, kama mtu anayetafuta amani:

"Kumbe mtoto amekurithi, mama. Sauti yako pia ni nzito. Pole kama tumekosana."

"Nilikuwa soprano wako Amukura," nikasema. "Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto."

Aliukagua uso wangu. Kisha akatabasamu na kutikisa kichwa.

"Wewe? Haiwezekani, mama. Na sauti hiyo?"

Nilimshika binti yangu mkono, tukatoka. Ningemjibu kwa sauti gani?

Tulitembea hadi nyumbani, yeye bado amefungwa mdomo na amri ya daktari. Nilipokuwa nawasha jiko alikuja na daftari lake, limefunguka kwenye ukurasa wangu. Chini ya ile alama ya kuuliza alikuwa ameandika: Mama, kabla ya mwalimu ulikuwa unakaa wapi?

Nilimwambia nilikuwa nakaa palepale anapokaa yeye.