Maiti Aliyetaka Kusema

Marlys Tveit alihamia Los Angeles akiwa na cheti cha maigizo na imani kwamba jiji lilikuwa likimngoja yeye tu. Jiji likamuua. Kwanza alitupwa jangwani katika tamthilia ya polisi, kisha akazama katika bwawa la tajiri, kisha akanyongwa kwa waya wa simu. Kote huko aliigiza maiti, hakupewa neno la kusema. Mama yake, huko kwao Duluth, aliwahi kuwaita majirani waje wamtazame kwenye runinga. Waliona unyayo tu.

"Ulikuwa wangu kweli," Marlys alipenda kusimulia karamuni. "Ule wa kushoto. Wa kulia hauna kipaji."

Alijicheka kabla watu hawajamcheka. Tabia hiyo ilimwepusha na huruma zao, lakini majivuno yake yalibaki palepale.

Ndipo ikatokea nafasi ya dada wa mshitakiwa katika tamthilia ya mahakamani, mhusika mwenye maneno na machozi, tena wa kudumu. Wakala wake, Dwight Abruzzo, hakumficha.

"Bibie, hii ikikupita sina pa kukupeleka tena. Makaburi yote nimekuzungusha."

Siku hizi mwigizaji anayeomba nafasi hujirekodi nyumbani kwa simu, na mtu asiyeonekana humsomea maneno ya upande wa pili. Kazi hiyo ilimwangukia Rosalind Pruitt, mpangaji mwenzake, msafisha meno katika kliniki ya Burbank. Alisoma maneno ya wakili huku miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto.

"Soma kawaida tu," Marlys alimwagiza kama bingwa. "Usije ukanifunika."

"Nikufunike mimi, nilivyochoka hivi?"

Kesho yake Dwight akapiga simu. "Watayarishaji wameipenda rekodi yako."

Marlys akaketi, akaandaa sauti ya unyenyekevu.

"Wanauliza aliyekuwa anakusomea ni nani. Wanataka ajaribu hiyo nafasi ya dada."

"Na mimi?"

"Wamesema unasikiliza vizuri."

"Nina uzoefu. Maiti kazi yake kusikiliza."

Dwight hakucheka. "Sikia, mama. Naweza kuwaambia ni jirani, amehama. Watarudi kwa waliopo, na wewe umo. Nijibu leo."

Kishawishi kilikuwa kidogo: sentensi moja fupi, tena ingesemwa na mtu mwingine. Marlys akaizungukia meza ya jikoni. Akajiambia kuwa Rosalind ana kazi nzuri yenye bima, kwamba meno ya Burbank yanamhitaji, kwamba filamu zingemharibu mtu safi kama yule. Kahawa ilipochemka, alikuwa ameshakuwa mlinzi wa Rosalind. Wizi mwingi huanza hivyo, kwa kumhurumia anayeibiwa.

Ghafla akaisikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa akiyasema hayo kwa sauti, machozi yakimtoka kwa mpangilio mzuri, na alikuwa hajawahi kuigiza vizuri namna ile mbele ya kamera yoyote. Aibu ikampanda hadi masikioni. Akampigia Dwight.

"Anaitwa Rosalind Pruitt. Atajirekodi jioni."

Rosalind aliporudi kutoka kazini hakuamini. "Unanitania."

"Natamani ningekuwa nakutania."

"Shoga, lakini hii ni nafasi yako."

"Ilikuwa. Nenda kanawe uso."

Safari hii Marlys ndiye aliyeshika simu na kusoma maneno ya wakili. Alisoma kwa mtetemo, akaongeza kwikwi mwishoni. Rosalind akashusha karatasi.

"Marlys, wakili analia nini?"

"Ana mambo yake nyumbani."

"Marlys."

"Haya, tuanze upya."

Akasoma kikavu, na kwa mara ya kwanza akamtazama Rosalind badala ya kujisikiliza mwenyewe. Rosalind alikuwa mzuri. Hakukuwa na namna ya kulipinga hilo, na Marlys alijaribu. Walipomaliza, akabonyeza kutuma harakaharaka, kabla hajapata nafasi ya kuigiza tena kama pale jikoni.