Uzito wa Mgonjwa Aliyetangulia

Metroni aliingia chumba cha kompyuta bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkono mmoja alishika kadi ya dozi iliyotoka kwenye printa yangu asubuhi ile, mkono mwingine bomba la sindano lenye dawa. Akaviweka vyote mezani, mbele ya kibodi.

"Binti, huyu mtoto ana miaka sita," alisema. "Kadi yako inasema ana kilo hamsini na nane."

Niliisoma kadi. Jina lilikuwa sawa, kijiji sawa, tarehe sawa. Uzito: 58. Chini yake dozi, imepigwa hesabu mpaka nukta ya mwisho.

"Umeshamchoma?"

"Ningekuwa nimemchoma ungeniona nimesimama hapa?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nimevuta dawa, nikaona bomba linazidi kujaa. Ndiyo nikamtazama mtoto."

Ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Nilifanya kazi kwenye mradi mmoja wa kutibu ugonjwa wa malale uliokuwa na wodi ndefu ya mabati nje kidogo ya mji. Wagonjwa wetu walitoka maporini, kwenye mbung'o: warina asali, wakata mbao, wafugaji waliokuwa wakihamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Mbung'o akishakuuma, kwanza ni homa kama homa nyingine. Baadaye ugonjwa unapanda kichwani. Mtu analala mchana mezani mkono ukiwa kwenye ugali, na siku moja anamtazama mke wake na kumuuliza yeye ni nani. Kwa waliofika hapo kulikuwa na dawa moja tu, ya kuchoma kwenye mshipa, kali kiasi kwamba daktari aliwaita ndugu kabla ya sindano ya kwanza na kuwaambia wazi kuwa wapo wasioinuka kwa sababu ya dawa yenyewe. Ndiyo maana ilipimwa kwa kilo za mgonjwa. Na kazi ya kupiga hesabu hiyo ilipewa mashine.

Programu aliiandika mtaalamu wa mradi, mzungu mmoja mpole aliyenifundisha kompyuta kwa miezi minane, kisha mkataba wake ukaisha akaenda kwao. Aliniachia kompyuta moja, boksi la disketi, na maneno haya: mashine haina akili, inafanya ulichoiambia na si ulichotaka.

Siku ile sikuwa na wasiwasi juu yangu. Niliwaza ni kosa la mzungu, limelala humo siku zote, sasa limeamka.

Daktari aliamuru kadi zote ziandikwe kwa mkono mpaka nitakapoleta jibu. Umeme tulikuwa nao kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, jenereta ikizimwa na mimi nimezimika. Nikakaa, nikaingiza wagonjwa watano wa uongo: mzee, mama, kijana, watoto wawili. Kadi tano zikatoka, zote sahihi. Nikarudia kwa kumi. Zote sahihi. Kosa linalotokea kila mara utalikamata. Hili lilikuwa limetokea mara moja, likajificha, na wodi ilikuwa imejaa.

Nilikwenda mapokezi kumuuliza karani, dada mmoja mwepesi wa vidole aliyekuwa akija kila asubuhi kwenye kompyuta yangu kuandikisha wagonjwa.

"Yule mtoto ulimwingizaje?"

"Kama kawaida."

"Uzito uliandika ngapi?"

"Sikuandika. Mizani ya watoto imekatika ndoano tangu wiki iliyopita. Niliacha wazi, nikabonyeza enta. Kawaida kadi inatoka na mstari mtupu, wauguzi wanajaza kwa kalamu."

"Kawaida ya lini?"

Akafikiri. "Ya zamani," alisema.

Nilirudi kwenye kiti changu nikafungua debaga. Ilikuwa programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine, haina picha wala rangi, ni mstari mmoja tu mweusi unaosubiri uuandikie amri. Mzungu alinionyesha mara mbili tatu, sikuwahi kuitumia peke yangu. Ukiendesha programu ndani ya debaga haikimbii tena, unaipeleka unavyotaka. Herufi moja unaipa namba ya mstari, programu inafika pale na kusimama. Herufi nyingine inaisogeza hatua moja. Ya tatu ni ya kuuliza: unataja jina la kitu, nayo inakujibu ndani yake kuna nini kwa wakati huo.

Nikaandikisha mtu mzima wa kilo hamsini na nane. Kadi ikatoka. Nikaandikisha mtoto, nikaacha uzito wazi, nikabonyeza enta. Programu ikasimama nilipoiambia isimame. Nikauliza: uzito?

58.

Kilo za mtu aliyetangulia zilikuwa zimekaa mlemle, hazijatoka. Yule mgonjwa alishaondoka mapokezi na uzito wake ukabaki ukimsubiri wa nyuma yake. Nikasogea hatua. Nikauliza tena. 58. Hatua nyingine. 58. Kila mstari niliopita nilikuwa natafuta ule ambao kazi yake ni kufuta, kurudisha sifuri kabla mgonjwa mpya hajaingia. Nilipita mistari yote. Haukuwepo.

Kupitia dirisha la wavu niliwaona wagonjwa wamelazwa kwenye mikeka kivulini, kama watu waliodondoshwa pale. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Kwenye boksi nilikuwa na disketi ya programu ya mwanzo, kama mzungu alivyoiacha. Nikaifungua nione alisahau nini. Alikuwa hajasahau kitu. Mstari ulikuwepo, mfupi, juu kabisa ya sehemu ya kuandikisha: uzito uwe sifuri.

Hapo ndipo nilipojua. Miezi mitatu nyuma metroni aliniomba nibadilishe maneno ya kwenye skrini, maana yalikuwa ya Kiingereza na wauguzi walikuwa wanakosea. Nilifurahi mno. Nilitoa mistari ya Kiingereza nikaweka ya Kiswahili, na karani akanipigia makofi. Pale juu mzungu alikuwa na mistari saba. Mimi nilitoa saba nikarudisha sita.

Niseme ukweli wa kilichonipitia kichwani. Wazazi wangu walikimbia Burundi, mimi nikazaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Kukaa mjini Mpanda nilihitaji kibali, na kibali kilitiwa saini kwa sababu mradi ulisema unanihitaji. Mradi ukisema haunihitaji, narudi kwenye shamba la tumbaku la baba. Kuurudisha ule mstari mmoja kimyakimya kungenichukua dakika mbili. Mzungu alikuwa mbali na hakuna mtu mwingine katika wilaya nzima aliyeweza kusoma nilichokuwa nakisoma.

Nilirudisha mstari. Nikajaribu: uzito, sifuri. Kadi ikatoka na mstari mtupu. Kisha nikakaa nimeiangalia mpaka jenereta ilipozimwa na skrini ikafa mbele yangu.

Nilimkuta metroni anakunja mashuka.

"Umelipata?"

"Nimelipata. Ni mimi."

Nilimweleza yote. Hakunikaripia. Alimaliza kukunja shuka aliloshika, akaliweka juu ya mengine, akauliza swali moja ambalo mimi, katika hofu yangu yote, sikuwa nimejiuliza.

"Miezi mitatu, binti. Ni wangapi waliachwa wazi?"

Tuliketi siku mbili na nakala za kadi na kitabu cha wodi. Karani alikumbuka baadhi, kitabu kilikumbuka wengine: wale wasioweza kusimama kwenye mizani, wale waliofika mizani ikiwa imefungiwa stoo. Tulipata tisa, mbali na yule wa miaka sita. Sita kati yao uzito ulikuwa umekatwa kwa kalamu na kuandikwa mwingine. Wauguzi waliona, wakasahihisha, na hakuna aliyeniambia kwa kuwa walidhani karani ameteleza. Wawili walikuwa watu wazima waliofuata watu wazima, tofauti ilikuwa ndogo, walishapona na kwenda makwao.

Wa tisa alikuwa mtoto wa kiume wa miaka kumi, mtoto wa mfugaji wa upande wa Sibwesa. Aliletwa hajitambui. Kadi yake ilisema kilo arobaini na moja. Aliyemtangulia siku ile alikuwa kijana wa kilo arobaini na moja. Metroni alikuwa likizo, na muuguzi wa zamu alikuwa mgeni. Mtoto wa miaka kumi aliyefunikwa shuka, utajuaje kwa macho kama ana kilo arobaini na moja au ishirini na tano? Siku ya tatu alipata degedege. Kitabu kilisema: amefariki, madhara ya dawa.

Daktari alisoma orodha yetu, akavua miwani.

"Dawa hii inaua hata ikipimwa sawasawa," alisema. "Na malale yanaua bila dawa. Huyu alikuja amechelewa. Hakuna mtu duniani atakayeweza kusema alikufa kwa kipi."

"Kwa hiyo tuseme nini?" niliuliza.

"Mimi nitaandika taarifa makao makuu, na makosa nitayaita makosa. Nyie rudini kazini."

"Na baba wa mtoto," metroni alisema, "yeye ataandikiwa na nani?"

Daktari alirudisha miwani machoni, na wiki ile hakutuzuia tulipopanda gari la watu wa mitego.

Mitego ilikuwa vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotundikwa porini kuvuta mbung'o. Ukipita na gari unaviona kati ya miti, kimoja, kingine, kingine, vimesimama kama watu wanaokungoja. Mbung'o walitufuata wakigonga vioo. Nilikuwa nayapanga maneno yangu, na kila nilipoyapanga yalikuwa yanaitaja mashine kwanza.

Mfugaji tulimkuta nyumbani kwake, mtu mrefu, Kiswahili chake kizito cha Kisukuma. Alitupa vigoda. Metroni akamsalimia, akampa pole ya mtoto, kisha akanitazama mimi.

Nikamwambia. Kompyuta, kadi, uzito wa mtu mwingine. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti.

"Kwa hiyo ni mashine ilimuua," alisema, "au ni wewe?"

"Kama ni dawa iliyomuua, baba, sijui, na daktari hajui. Lakini hesabu iliyokosewa ni yangu."

Ng'ombe walikuwa wameshatoka, boma lilikuwa kimya. Metroni hakuwa anamwangalia mfugaji tena. Alikuwa anaangalia chini ya ghala la mahindi, ambako mtoto wa kike wa miaka kama mitano alikuwa amelala kivulini. Nzi walikuwa mdomoni mwake na hakuwafukuza.

"Huyu analala hivi tangu lini?" metroni aliuliza.

"Tangu tuvune."

"Usiku je?"

"Usiku halali. Anazunguka."

Metroni aliinuka, akapiga magoti, akamshika mtoto shingoni nyuma, kwenye tezi, taratibu, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Akageuka. "Mzee, huyu aje nasi. Aje leo, gari lipo."

Mfugaji alisimama. Hakupaza sauti. "Mmetoka Mpanda kuja kuniambia mlikosea kwa yule," alisema. "Sasa mnataka na huyu."

Tuliondoka bila mtoto. Njiani metroni alilia, mara ya pekee niliyomwona akilia, na aliposema neno lilikuwa hili: "Tumemwambia ukweli, na ukweli umemfungia mtoto mlango."

Siku zilizofuata niliziishi vibaya. Kibali changu hakikuguswa. Taarifa ya daktari ilikwenda na hatukuwahi kusikia imefika. Mizani ya watoto ilitengenezwa. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza nilifungua debaga, nikaisimamisha programu pale juu, nikauliza uzito, na hata iliponijibu sifuri sikuiamini, nikauliza tena. Nilihesabu siku tangu tulipotoka Sibwesa, kwa kuwa nilijua ugonjwa ule haungoji.

Siku ya kumi na moja mfugaji alikuja, amemfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akisukuma baiskeli. Hakwenda wodini. Alikuja moja kwa moja chumba cha kompyuta, akatoa kipande cha karatasi mfukoni. Alikuwa amempitisha mtoto kwenye mizani ya ghala la mazao, na mwalimu wa kijiji akamwandikia: 15.

"Andika nikiona," alisema.

Tulimpima wenyewe mara tatu. Mizani yetu ilisema kumi na tano na kidogo. Nikaandika huku amesimama nyuma ya kiti changu, nikisikia pumzi yake. Kadi ilipotoka aliichukua, akaitafuta namba kwa kidole, akailinganisha na ya kwenye karatasi yake, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akaipeleka wodini mwenyewe.

Mtoto alichomwa sindano zote. Usiku wa pili homa ilipanda sana, metroni aliniambia asubuhi; baba yake hakukaa chini mpaka iliposhuka. Alipona. Alibaki na mkono mmoja unaotetemeka akishika kikombe, na hatukujua kama ungetulia.

Siku ya kuondoka baba yake alimshukuru metroni kwa mikono miwili, akamshukuru daktari, akawaaga wauguzi mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Nilimwambia, "Safari njema, baba." Alinitazama, akamweka mtoto vizuri kwenye baiskeli, akanipita.